Dalali wa Saa Nne na Nyumba ya Ndoo Tano

Ukishuka mjini kwetu ukasema unatafuta nyumba ya kununua, na mfuko wako si mzito, hutaulizwa maswali mengi. Utaelekezwa chini, upande wa ziwa, kwenye mitaa ya zamani ya bandari, na utaambiwa, "Muulizie Saa Nne."

Jina la kuzaliwa analo, limeandikwa kwenye kitambulisho, ila sidhani kama kuna anayelihitaji zaidi ya karani wa uchaguzi. Hata mkewe akikasirika humwita Saa Nne. Jina lilitokana na kazi. Huyu ni dalali wa nyumba, na kwa miaka ishirini na mitano hajawahi kumwonyesha mteja nyumba kabla ya saa nne asubuhi wala baada ya saa tano. Mwambie mkutane saa nane mchana, atakuwa na msiba. Mwambie jioni, goti litamuuma. Mwambie saa nne, goti limepona na marehemu keshazikwa.

Ana sababu zake. Mitaa ile ni mizuri kweli. Nyumba ni za mawe, kuta nene kama mlango wa benki, roshani za chuma zimening'inia juu ya barabara. Zilijengwa na wafanyabiashara wa enzi zile meli zilipokuwa zikisubiri zamu kuingia gatini. Gati jipya lilipojengwa upande wa pili wa mji, matajiri waliifuata mizigo yao, na nyumba zikabaki na bei ambayo hata muuguzi au fundi redio anaweza kuisikia bila kucheka.

Lakini zina mambo yake. Alfajiri meli ya abiria inapiga honi inayotikisa vioo vya madirisha pamoja na meno ya aliyelala. Ikifika saa nane mchana upepo unageuka, unatoka ziwani, unapita juu ya vichanja vya samaki wanaoanikwa, kisha unaingia nyumbani kwako bila kubisha hodi. Jioni wanapanda wadudu wa ziwani, wadogo kama punje za pilipili, wengi kama moshi. Katikati ya yote hayo kuna saa moja ya amani. Saa nne upepo umetulia ukifikiria pa kwenda, meli imeshafungwa kamba, wadudu wamelala, na jua limefika kwenye ukuta wa mbele na kuupaka rangi ya asali. Saa hiyo hata choo cha nyumba ile kinapendeza.

"Mimi simdanganyi mtu," Saa Nne husema, mkono kifuani. "Mteja akiniuliza kama kuna harufu, namwambia avute pumzi. Akiniuliza kama kuna kelele, namwambia asikilize. Nifanye nini tena?"

Sasa huyu mtu aliyewapa nusu ya mtaa mahali pa kuishi, mwenyewe alikuwa mpangaji. Miaka ishirini na sita katika vyumba viwili nyuma ya ghala la zamani la pamba, mahali ambapo jua hupita mbali kama mtu anayekwepa jamaa zake. Mkewe ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na mtaani anaitwa Mama Sare. Watoto walishakua wakahama. Walibaki wawili, cherehani, na balbu moja iliyowaka tangu asubuhi hadi usiku. Macho ya Mama Sare yalikuwa yameanza kuchoka. Vifungo alivipata kwa kupapasa, lakini tundu la sindano lilikuwa limemshinda kabisa, kwa hiyo kila baada ya muda alinyoosha mkono wenye sindano na uzi bila kusema neno, na Saa Nne, popote alipo chumbani, alikuja akautia. Alijisifu kwa kazi hiyo kuliko nyumba zote alizouza.

Akiba walikuwa nayo. Mama Sare aliiweka miaka mingi kwa ajili ya jambo moja tu, na hakuna siku alilificha.

"Baba watoto, ile nyumba karibu na kituo cha reli je?"

"Ile? Treni ya mizigo ikipita kitanda kinahama. Utalala dirishani uamkie mlangoni."

"Ile yenye ngazi za buluu?"

"Mchwa. Zile ngazi siku hizi ni rangi tu, mbao zililiwa zamani."

"Na ile uliyomuuzia muuguzi?"

"Maji yanatoka Jumanne kwa Jumanne."

"Mbona muuguzi amenawiri?"

"Anaoga hospitali."

Mama Sare aliitoa miwani, akaifuta, akairudisha. "Kwa hiyo unawauzia wenzako nyumba ambazo wewe mwenyewe huzitaki."

"Nawauzia saa nne, mke wangu. Kuanzia saa tano ni zao."

Tulimcheka, lakini nadhani alikuwa mwoga tu. Mtu aliyekaa miaka yote hiyo akikariri kasoro za nyumba za watu, akiingia chumba chochote hakioni tena chumba. Anaona ufa, anaona unyevu, anaona panya kabla panya hajazaliwa.

Basi ikatokea kwamba Bibi Tiketi anauza nyumba.

Huyu bibi alikata tiketi za meli kwenye kidirisha cha bandari kwa miaka thelathini na minne, na ingawa alistaafu zamani, kidirisha hakijamtoka. Ukienda kumsalimia mko wawili, atakwambia, "Mmoja mmoja." Ukiongea sana, atasema, "Anayefuata." Nyumba yake iko mwisho wa mtaa wa forodha: vyumba vitatu, kibaraza mbele, dirisha kubwa la nyuma linalotazama ziwa. Binti yake wa mji mwingine alikuwa amemng'ang'ania akaishi naye. Akamwita Saa Nne, akamtajia bei, na kwa kweli ilikuwa bei ya huruma.

"Bei ni hiyo moja," alisema. "Haipandi, haishuki. Nimewahi kupunguza nauli mimi?"

Siku hiyohiyo Saa Nne akampigia simu mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mkazi wa ng'ambo ya ziwa, aliyekuwa akitafuta nyumba karibu na wajukuu wake. Wakapatana: baada ya wiki tatu, siku ya Alhamisi, Mwalimu atapanda meli, atafika alfajiri, na saa nne ataoneshwa nyumba.

Mama Sare alisikia mazungumzo yote akiwa anapinda kola.

"Hiyo tunaiweza," alisema.

"Ya Bibi Tiketi? Bati limeoza. Mvua ikinyesha anatega ndoo tano. Honi ya meli pale inaingia moja kwa moja, haipiti hata kona. Na harufu ya samaki, yaani ni kama unakaa nao chumba kimoja."

"Umewahi kuwa pale mvua ikinyesha?"

"Nimeambiwa."

"Umewahi kuwa pale jioni?"

"Jioni goti linaniuma," alisema Saa Nne kwa mazoea, kisha akagundua anaongea na mkewe, akakohoa.

Mama Sare alinyoosha tu mkono wenye sindano na uzi.

Kesho yake saa nane mchana, saa ileile upepo unapogeuka, alitokea kwenye kibaraza cha Bibi Tiketi na kikapu chake cha kazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetumwa na mumeo?"

"Hapana. Nataka kuiona nyumba wakati ambao mume wangu hayupo."

"Yaani mchana."

"Yaani mchana, na jioni, na mvua ikija."

Bibi Tiketi akamtazama kwa jicho lile la kidirishani, la kupima kama abiria ana mzigo uliozidi. Kisha akasogea kwenye benchi. "Kaa. Magauni yangu yote yananipwaya. Uyapunguze huku ukinusa."

Wiki tatu zikaenda hivyo. Mama Sare alishona kibarazani, alishona sebuleni, alishona chumba cha nyuma. Alinusa samaki mpaka akaweza kusema leo wameanikwa wa jana. Alifunga madirisha wadudu walipopanda, akajifunza kwamba ukizima taa ya mbele dakika kumi tu wanahamia kwa jirani. Mvua ilinyesha mara nne, na mara zote nne walikimbia pamoja na ndoo, mpaka Bibi Tiketi hakuhitaji tena kuelekeza.

Na katika chumba cha nyuma aligundua jambo ambalo mumewe hakuwahi kulisema, kwa sababu hakuwa analijua. Jua likishuka upande wa ziwa, mwanga unagonga maji, unarudi, unaingia kwa dirisha lile kubwa na kujaa hadi darini. Unakaa hapo mpaka jua lenyewe limeshazama. Jioni moja Mama Sare aliinua sindano kuelekea dirishani na tundu likaonekana, wazi kama mlango. Aliuingiza uzi mara ya kwanza. Akauchomoa, akauingiza tena, kuhakikisha.

"Unacheza?" Bibi Tiketi aliuliza.

"Nacheza, bibi," alisema, akauchomoa uzi kwa mara nyingine.

Jumatano, siku moja kabla ya Mwalimu kufika, bibi aliamua kumwuliza waziwazi. "Mwanangu, wewe ndiye uliyetangulia kwenye foleni. Pesa unayo. Sema ndiyo nikukatie."

Mama Sare akakata uzi kwa meno. "Nikisema ndiyo peke yangu, bibi, nitaishi humu na dalali. Kila asubuhi atanihesabia nyufa, kila mvua atasema nilikwambia. Sitaki nyumba ya kusimangwa. Ngoja kesho. Akifungua mdomo akasema anaitaka, tukatie sisi. Asiposema, muuzie mgeni, nami nitarudi kwenye balbu yangu."

"Na yeye umemwambia hivyo?"

"Nimemwambia kwa miaka ishirini na sita. Kesho ni zamu yake."

Alhamisi ikafika, na meli haikufika. Saa nne Saa Nne alikuwa gatini amevaa koti lake la wateja, jua limetulia, upepo umetulia, ukuta wa mbele wa Bibi Tiketi unang'aa asali kama umelipwa, na ziwani hakuna kitu. Injini ilikuwa imesumbua njiani. Meli ilifunga kamba saa nane na nusu, upepo umegeuka, na mawingu meusi yameinama juu ya maghala.

"Mwalimu, karibu sana! Umechoka, umechoka sana. Ukapumzike, nyumba tutaiona kesho."

"Kesho?" Mwalimu, mzee mrefu mwenye mwavuli, akatazama saa. "Meli hii inarudi saa kumi na mbili nami narudi nayo. Twende sasa."

"Goti langu..."

"Nitakushika mkono."

Wakaenda. Harufu iliwapokea kwenye kona ya forodha. Mwalimu akatoa leso, akaziba pua. Walipofika kibarazani mvua ikamwagika kama iliyokuwa ikiwasubiri, na meli nyuma yao, ikijaribu injini, ikapiga honi ndefu. Vioo vikatetema. Saa Nne akafumba macho.

Alipoyafumbua, mlango ulikuwa wazi, na ndani mkewe alikuwa anapita sebuleni na ndoo mbili. Hakutazama juu darini hata kidogo. Aliweka moja karibu na kabati, moja chini ya saa ya ukutani, ya tatu akaisukuma kwa mguu hadi kwenye pembe, na kila alipoitua, tone la kwanza lilidondoka ndani yake kama waliopatana.

"Huyu mama ni nani?" Mwalimu aliuliza.

"Huyu ni..." Saa Nne akakohoa. "Huyu ni mke wangu."

"Anakaa humu?"

"Mmoja mmoja," alisema Bibi Tiketi kutoka kwenye kiti chake. "Karibu, Mwalimu. Funga mwavuli, humu ndani kunanyesha kidogo tu."

Mwalimu akazunguka. Akapiga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akaingia chumba cha nyuma, akasimama mbele ya dirisha, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonja kitu na kukipenda. Mama Sare alikuwa amerudi kwenye kazi yake, sketi ya shule imelala magotini. Hakuinua uso.

Hapo ndipo Saa Nne alipoanza kufanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Mwalimu," alisema, "bati limeoza."

"Naona."

"Ile honi, ni kila meli. Alfajiri pia."

"Nilikuwa bwenini na wavulana mia mbili, ndugu yangu."

"Harufu ni kila siku, kuanzia saa nane. Na jioni kuna wadudu. Reli nayo inaleta vumbi. Ule mlango wa uani unakwama. Yule jirani wa kulia anajifunza tarumbeta!"

Mwalimu akageuka akamtazama kwa mapenzi makubwa. "Nimeonyeshwa nyumba kumi na moja," alisema, "na madalali kumi na mmoja, wote waongo. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia ukweli. Bibi, naichukua."

Ukweli, ambao Saa Nne alikuwa ameuogopa miaka yote, ulikuwa umeuza nyumba haraka kuliko saa nne.

Bibi Tiketi alikuwa anamtazama Saa Nne. Mvua ilikuwa inapungua. Ndoo zilibadilisha sauti, moja baada ya nyingine. Mawingu yakapasuka juu ya ziwa na mwanga ukaingia kwa dirisha la nyuma kama mtu aliyefika nyumbani, ukapanda ukutani, ukaenea darini. Mama Sare aliinua sindano. Kwa mazoea, Saa Nne alipiga hatua mbili kwenda kumtilia uzi. Hakufika. Mkewe alikuwa ameshautia mwenyewe, hakukodoa macho, hakulamba uzi, na tayari alikuwa anashona.

Alisimama pale mkono umenyooka.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Wiki ya pili," alisema mkewe. "Mwanga ukija hivi, naona."

"Hukuniambia."

"Jioni una goti."

Saa Nne akatazama dari. Narudia kusema: aliitazama dari yenye madoa matano ya maji, na safari hii hakuyahesabu. Akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Mwalimu, nisamehe," alisema. "Nimekutoa mbali, tena kwenye meli mbovu. Lakini hii siwezi kukuuzia. Hii naitaka mimi. Yaani sisi. Tunaitaka na bati lake."

"Sema tena," alisema Mama Sare, macho kwenye sketi.

"Naitaka."

"Na tarumbeta?"

"Na tarumbeta, mwanamke! Unataka niape?"

Mwalimu alipinga, na alikuwa na haki. Alisema ametamka kwanza, mbele ya mashahidi, na kwamba dalali hawezi kugeuka mnunuzi mteja akiwa amesimama. Bibi Tiketi akanyanyua kiganja kama anayefunga kidirisha.

"Mwalimu, nimeendesha foleni miaka thelathini na minne. Aliyetangulia ndiye anayepanda. Huyu mama amesimama kwenye foleni yangu wiki tatu, kwenye samaki na kwenye mvua, na ndoo anazijua. Alikuwa amebakiza abiria wake mmoja. Sasa amefika." Akamgeukia Saa Nne. "Umechelewa, lakini meli nayo imechelewa. Pandeni. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa Mwalimu tena, naye hakuondoka mikono mitupu. Alikataa kabisa kusikia habari za kesho asubuhi. Alimshika Saa Nne mkono, mwavuli juu yao wote wawili, akamlazimisha kumwonyesha nyumba nyingine saa ileile, ilhali matone yanadondoka na harufu imetanda. Wanasema Saa Nne alitembea kama mtu anayepelekwa kuchanjwa. Mwalimu akaichukua ile ya ngazi za buluu. Habari za mchwa aliambiwa, akakubali. Ngazi akajenga upya za saruji, na wajukuu wanazipanda na kuzishuka siku nzima.

Kuhamia kulichukua siku moja, na bila shaka walianza saa nne. Cherehani ilikwenda ya kwanza, ikawekwa chini ya dirisha la nyuma. Bibi Tiketi alikwenda kwa binti yake na magauni yanayomkaa, na nasikia kule nako amewapanga wajukuu foleni ya kuoga. Fundi bati alikuja, akaziba matundu manne, la tano akashindwa kuliona linakotoka, kwa hiyo ndoo moja bado inaishi nao.

Saa Nne kabadilika? Kidogo sana, msimharakishe. Jumatatu iliyofuata alikuwa kazini, koti limepigwa pasi, saa nne kamili. Ila mteja akimuuliza, "Na mchana kukoje?" siku hizi hana msiba tena. Anasema, "Mchana nenda ukamuulize mke wangu, yeye ndiye anayeujua." Nao wanakwenda, wanakuta benchi, wananusa, wengine wananunua.

Kinachomsumbua ni jioni. Zamani alikuwa na kazi yake ya sindano, na sasa mwanga umemwachisha. Juzi nilipita nikamkuta amekaa karibu na cherehani, mkono umenyooka mbele kidogo, anangoja.

"Nimeshautia," Mama Sare alimwambia bila kugeuka.

"Sasa mimi kazi yangu nini humu?"

"Kamwage ndoo."

Akainuka akaenda, akichechemea kwa lile goti, na sikumsikia akitaja ufa hata mmoja njiani.